Mwanamke wa Dakika ya Arobaini na Moja

Nchi yetu ina jina, tena zuri, ila kwa sasa limeshushwa kwenye bango la mpakani likapakwe rangi upya, na mpaka litakaporudi tumeshauriwa tusilitaje ovyo. Kwa hiyo nitasema "nchi yetu" tu, nanyi mniwie radhi. Mimi ni mtumishi wa serikali, sina desturi ya kushika kitu ambacho rangi yake haijakauka.

Niliajiriwa kama Karani wa Makofi, Daraja la Tatu, Wizara ya Mwonekano. Kila Jumamosi saa tisa alasiri hukaa kwenye kiti changu katika Jumba la Sinema la Taifa, safu ya kwanza, kona ya kushoto, chini kabisa ya skrini, nikijaza Fomu Namba Tisa. Fomu ina visanduku vinne: Makofi, Vicheko, Machozi na Mengineyo. Karani haruhusiwi kupiga makofi, kucheka, kulia wala kutoa sauti yoyote ndani ya jumba, kwa sababu akifanya hivyo itabidi ajihesabu mwenyewe, na takwimu za taifa zitavurugika. Nimeifanya kazi hiyo miaka mitatu bila kukohoa.

Filamu inayoonyeshwa ni moja. Inaitwa Pendo la Rangi Saba, ni ya Kihindi, na ilipigwa hapa hapa kwetu. Kila raia huitazama angalau mara moja kwa mwezi, kwa hiari yake, na asiyefika hufuatwa nyumbani akaulizwe kama hiari yake inaumwa.

*

Filamu ile tuliipata hivi. Mwongozaji mmoja kutoka India, Bwana Harshad, alikuwa akizunguka dunia kutafuta mahali penye jua la kutosha. Mlezi wa Taifa letu akamkaribisha Ikulu, akamuuliza swali moja tu: je, nchi itapendeza? Bwana Harshad akajibu kwa adabu kwamba itapendeza hata wenyewe wasiitambue. Mlezi aliipenda sana sentensi hiyo. Siku ya tatu ikawa imechongwa kwenye lango la uwanja wa ndege, na siku ya saba tukawa na Wizara ya Mwonekano.

Mtaa wetu, Mtaa wa Chokaa, ulichaguliwa kwa ajili ya wimbo mkubwa wa roshani. Wakaja mafundi na madebe ya rangi. Nyumba ya kwanza wakaipaka waridi, ya pili kijani cha kasuku, ya tatu manjano, hivyo hivyo mpaka mwisho wa mtaa. Walipaka mbele tu. Ubavuni na nyuma nyumba zilibaki na udongo wake na nyufa zake, maana kamera haizunguki. Mbunge mmoja, ambaye sasa ni mbunge wa zamani, aliuliza kwa nini. Waziri wa Mwonekano, Mheshimiwa Pantaleo Bwigane, akasimama, akarekebisha miwani, akasema kwamba nyumba ni uso, na mgongo wa nyumba ni siri ya mwenye nyumba. Bunge likapiga meza kwa dakika sita.

Baada ya nyumba ikaja zamu ya watu. Wataalamu wa Wizara walipita wameshika kipande cha kadi chenye rangi zote za mtaa, wakawa wanakiweka karibu na mashavu ya watu na kutikisa vichwa. Ilionekana kwamba nyuso nyingi hazilingani na kuta. Si kosa la mtu, walisema, ni kosa la jua. Watu wenye nyuso hizo wakaombwa wapande malori waende mahali panapoitwa Nje ya Picha, nyuma ya vilima, kwa siku kumi na nne tu.

Sheria ilikuwa wazi kabisa. Siku kumi na nne zitahesabiwa kuwa zimekwisha siku mwongozaji atakapotamka kwa kinywa chake neno "Tumemaliza." Bahati mbaya Bwana Harshad aliitwa ghafla kwao, binti yake anaolewa, akaondoka Alhamisi moja akikimbilia ndege. Alisahau kutamka. Alipunga mkono, hilo nililiona mwenyewe, lakini wanasheria wa serikali walikaa wiki nzima wakakubaliana kwamba kupunga mkono si kutamka. Serikali imemwandikia barua. Hajajibu. Kwa hiyo zile siku kumi na nne sasa zimeingia mwaka wa nne, na bado ni kumi na nne.

*

Katika mtaa mzima tulibaki wawili. Mimi nilibaki kwa sababu asubuhi ile ile nilikuwa ndani najaza fomu ya kuomba ukarani, na mtu anayejaza fomu haondolewi mpaka amalize. Jirani yangu Hamduni alibaki kwa sababu alikuwa chumbani na mlango umefungwa, nao wakadhani nyumba haina mtu.

Sitaki kulalamika. Mtaa ni mzuri mno. Lakini nitasema lililo moyoni: nilikuwa mpweke. Kila asubuhi nilipotoka kwenda kazini niliendelea kuamkia watu kama nilivyozoea. Niliuambia shikamoo mlango wa waridi wa Bibi Mwanakombo, nikauuliza mlango wa manjano habari za watoto. Milango inapendeza, imepakwa rangi mara tatu, lakini haiitikii. Jioni nilikula peke yangu, na sahani nikaiosha hapo hapo maana hakuna aliyekuwa akiisubiri.

Hamduni alikuwa mkalimani wa filamu. Vijana wa siku hizi huenda wasimjue mtu wa kazi hiyo, basi nieleze. Zamani, katika kibanda chake cha mabati kule sokoni, filamu ya Kihindi ilipoanza alipunguza sauti yake, akashika kipaza sauti, akawasemea wote kwa Kiswahili: staringi, mpenzi wa staringi, mama yake anayelia, adui, polisi wanaochelewa, hata farasi. Miaka ishirini aliifanya kazi hiyo na hakujua neno moja la Kihindi. Watu wote walijua kwamba hajui, na hakuna aliyewahi kudai arudishiwe kiingilio chake. Ukimuuliza alikuwa akijibu kwamba yeye hatafsiri maneno, anatafsiri macho.

Mkewe aliitwa Siwema. Hawakujaliwa mtoto. Walikuwa wakigombana kila siku kuhusu jambo moja: Hamduni akishaanza kukariri maneno ya filamu, nyumba inaweza kuungua asijue. Asubuhi ile ya malori Siwema alibandika maharage jikoni, akamwambia mumewe aangalie chungu, akachukua ndoo yake ya manjano kwenda bombani. Bomba lilikuwa nyuma ya ukuta wa kona. Na lori lilikuwa nyuma ya ukuta huo huo, karibu na bomba.

Mimi na Hamduni nyumba zetu zinashiriki ukuta mmoja. Asubuhi hiyo nilisikia harufu fulani ikipenya, nikafikiria kwenda kupiga hodi, lakini nilikuwa nimefika swali la kumi na saba.

*

Sasa filamu yenyewe. Ni nzuri, na nasema hivyo kama mtu aliyeiona mara mia moja na hamsini. Kuna mvua inayonyesha bila wingu. Kuna wachezaji elfu tatu waliovaa sare za rangi ya chungwa, wanageuka wote pamoja kama mtu mmoja. Kuna tausi, kuna tembo aliyevalishwa vioo, kuna ziwa letu lililotiwa rangi ya samawati hadi samaki wakachanganyikiwa. Mlezi wetu alipoiona mara ya kwanza alisimama, akavua kofia yake mbele ya nchi yake.

Kasoro yake ni ndogo tu: haina hadithi. Kijana aitwaye Rajvir anampenda msichana aitwaye Chandrika. Chandrika naye anampenda Rajvir. Wazazi wamekubali. Jambo hili linaendelea kwa saa mbili na dakika hamsini. Yupo mjomba mmoja mwenye masharubu ambaye mwanzoni anaonekana kama atapinga, lakini anaalikwa kwenye ngoma na hatumwoni tena. Bwana Harshad alipoulizwa alisema hadithi itaongezwa baadaye, kama umeme, nasi tulimwelewa vizuri.

Kuhusu uigizaji, Rajvir ana sura mbili, moja ya miwani na moja bila miwani. Chandrika akilia hakuna kinacholowa.

Wizara haikushtuka. Palihitajika tu mkalimani, ili wananchi wajue wanachokifurahia. Wakamtafuta Hamduni, wakamvalisha koti, wakamweka kwenye kichumba kidogo juu kabisa nyuma ya jumba, chenye tundu la kutazamia. Wakampa kijitabu chenye maneno rasmi. Rajvir: Nakupenda. Chandrika: Nami nakupenda. Rajvir: Nchi hii ni nzuri. Chandrika: Naam, hasa miundombinu yake.

Wiki nne za kwanza nilijaza fomu kama ilivyo. Makofi: kwa amri. Vicheko: hakuna. Machozi: hakuna. Mengineyo: watazamaji mia mbili na sita wamelala, wengine kwa sauti.

*

Kulala kwa umma ni jambo zito katika nchi yetu, kwa sababu mtu aliyelala huenda anaota, na ndoto bado hazina wizara. Mheshimiwa Bwigane akaita kikao. Ikaamuliwa kwamba mkalimani aruhusiwe kuongeza hadithi kidogo, isizidi kijiko.

Jumamosi iliyofuata Hamduni aliweka kijitabu chini akaanza kutazama. Nadhani kabla ya hapo alikuwa hajaitazama filamu ile, alikuwa akisoma tu. Ilipofika dakika ya arobaini na moja, Rajvir alikuwa kwenye roshani ya nyumba ya waridi akiimba, mikono ameitanua, shati linapepea. Hamduni akanyamaza. Hakunyamaza kama mtu anayetafuta neno. Alinyamaza katikati ya neno. Mimi nikaandika: hitilafu ya kipaza sauti.

Kumbe pembeni kabisa kushoto, chini ya roshani, kwa sekunde nne, mwanamke mmoja anapita na ndoo ya manjano. Ni kosa la Wizara, kamera ilikuwa imeshawashwa na mtaa haujamalizika kusafishwa. Anapita, anafika kwenye ukuta wa kona, anageuka kutazama nyuma, halafu anaingia nyuma ya ukuta.

Wiki iliyofuata Hamduni hakunyamaza. Kwa sauti yake ya kawaida, si ya Rajvir wala ya Chandrika, akasema: "Huyo anayepita ni Siwema. Anakwenda bombani. Amegeuka kwa sababu ameacha chungu jikoni na mumewe ni msahaulifu."

Jumba zima likafumbua macho.

Kuanzia hapo filamu ikapata hadithi. Sijui alivyofanya, nilikuwa hapo hapo na bado sijui. Rajvir akawa haimbi tena kwa ajili ya Chandrika. Anaimba akimuuliza kila mtu kama amemwona mwanamke mwenye ndoo. Miwani anaivaa ili asionekane amelia. Chandrika akawa dada wa Siwema, halii machozi kwa sababu yamekwisha wiki iliyopita. Wale wachezaji elfu tatu wanageuka wote pamoja kwa kuwa mtu mmoja kwa mbali amesema, "Yule pale." Mvua inanyesha bila wingu ili ndoo ijae popote ilipo. Hata mjomba wa masharubu alipata kazi: ametumwa kwenda kumtafuta, ndiyo maana harudi. Kila kitu kilichokuwa kizuri bure kikawa kizuri kwa sababu.

Nilijaza kisanduku cha Machozi kwa mara ya kwanza. Nilihesabu mia moja na themanini, pamoja na askari wawili wa mlangoni. Wizara ilifurahi kiasi kwamba Mheshimiwa alitoa hotuba redioni. Alisema wananchi sasa wamekomaa, wanalia kwa uzuri wa nchi yao.

*

Baada ya kazi Hamduni na mimi tulikuwa tukirudi pamoja mpaka mtaani, hatuna mwingine wa kurudi naye. Alikuwa akinikaribisha kahawa. Jikoni kwake palikuwa na chungu kimoja juu ya mafiga, cheusi ndani mpaka mdomoni, na hakukitumia wala hakukiondoa. Alipikia kwenye sufuria pembeni.

Siku moja aliniambia kwamba kwa wiki nzima huwa hazungumzi na mtu, anaitunza sauti. Alisema sekunde nne si haba. Kuna wanaume wanaishi na wake zao mwaka mzima wasiwatazame sekunde nne. Yeye alikuwa amezigawa: ya kwanza anatazama miguu, ya pili ndoo, ya tatu shingo, ya nne ndiyo ile anayogeuka. Nilimsikiliza, nikanywa kahawa yangu, nikafurahi kwamba nina jirani.

Lakini jambo jingine lilikuwa limeanza jumbani, na mimi ni karani. Watu waliacha kutazama katikati ya skrini. Tembo wa vioo alipita bila kutazamwa. Mlezi mwenyewe, ambaye anaonekana dakika ya tisini akipunga mkono kutoka juu ya farasi, alipita vivyo hivyo. Macho yote yalikuwa pembeni, kwenye kona, nyuma ya nguzo, chini ya roshani, kila mtu akitafuta wa kwake. Mama mmoja alidai ameona kiwiko cha mwanawe kikitokeza nyuma ya mti, na wiki iliyofuata alikuja na jamaa zake kumi na wawili wakitazame. Hamduni alikipa kiwiko kile maneno mawili, basi, na yule mama akaondoka ametulia.

Niliandika. Sikuwa na nia mbaya, wala nzuri, nilikuwa na kisanduku. Chini ya Mengineyo niliandika kwa mwandiko wangu bora kabisa: "Watazamaji hawatazami katikati ya filamu. Wanatazama pembeni, wanatafuta ndugu zao. Kilele ni dakika ya arobaini na moja, kona ya kushoto." Nikachora na mshale.

Wiki ile ile nilipandishwa Daraja la Pili.

*

Kikao cha Wizara kilichukua siku tatu. Wengine walitaka sekunde zile zikatwe, lakini filamu ya taifa haikatwi, sheria inakataza. Wengine walitaka Hamduni aondolewe. Mtaalamu mmoja akawakumbusha kwamba bila yeye watu watalala tena. Hatimaye Mheshimiwa Bwigane akapata jibu, akaja mwenyewe jumbani na fundi, ngazi, misumari, na jora la kitambaa cheusi. Wakagongomea kitambaa pande zote mbili za skrini, kila upande upana wa mlango.

"Hatujakata kitu," aliwatangazia waandishi. "Filamu ni kamili, kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Tumeipa tu adabu ya pembeni. Anayeipenda nchi yake aitazame machoni."

Ilikuwa Ijumaa. Nilirudi mtaani nikamkuta Hamduni ameketi kizingitini, nyuma yake mlango wa kijani cha kasuku. Alikuwa ameshasikia. Nikamweleza yote, mshale na Daraja la Pili pia, maana mimi sifichi kitu.

"Uliandika wewe?" akaniuliza.

Nikasema niliandika mimi.

"Una mwandiko mzuri, jirani," akasema, akaingia ndani. Siku hiyo sikukaribishwa kahawa, na ukutani sikusikia chochote, hata kikombe.

*

Jumamosi jumba lilijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Filamu ikaanza. Skrini ilikuwa imekuwa nyembamba, Rajvir akitanua mikono vidole vinamezwa na kitambaa. Hamduni alisimulia kama kawaida, vizuri hata, bila kukosea. Watu walikuwa wakitazama kitambaa cheusi. Mia tatu na kumi na mmoja, nilishawahesabu, wote wameelekeza nyuso pembeni, mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Nimesema kiti changu kiko kona ya kushoto, chini kabisa. Kile kitambaa kilikuwa kikining'inia mbele yangu, ningenyoosha mkono ningekigusa. Na Wizara, kama ilivyo kwa rangi ya nyumba zetu, ilikuwa imenunua kitambaa cha kutazamwa kwa mbali. Kwa karibu kilikuwa chepesi, chenye matundu kama chekecheke. Mwanga wa filamu ulikuwa ukikiangukia na kubaki kidogo juu yake kabla ya kupotea.

Ikafika dakika ya arobaini na moja. Rajvir yuko roshani. Hamduni akanyamaza. Kule juu alipokuwa, kwenye tundu lake, hakuweza kuona chochote ila weusi. Kipaza sauti kilikuwa wazi, tukamsikia anavyohema.

Mbele yangu, kwenye kile kitambaa, pakatokea doa la manjano. Dogo, saizi ya sahani. Likaanza kusogea, taratibu, likipanda na kushuka kidogo kama kitu kinachoning'inia mkononi mwa mtu anayetembea. Juu yake palikuwa na kivuli ambacho sikuweza kukiita uso. Doa likafika mwisho, likasimama. Kile kivuli kikageuka.

"Jirani," Hamduni akasema kwenye kipaza sauti, polepole, mbele ya jumba zima. "Amepita?"

Miaka mitatu bila kukohoa. Nilijua sheria, ya kwanza na ya mwisho, niliiandika kwa mkono wangu ukutani mwa ofisi.

"Amepita," nikasema. "Na amegeuka."

Hakuna aliyepiga makofi. Nyuma kule mtu mmoja alipumua, halafu wengine, mfululizo, kama watu walioshusha mzigo. Hamduni akasema ahsante, akaendelea na maneno ya Rajvir.

Taa zilipowaka nilijaza fomu kwa ukweli, kama kawaida yangu. Makofi: hakuna. Vicheko: hakuna. Machozi: moja, ya karani. Mengineyo: sauti moja, ya karani pia. Waliohudhuria niliandika mia tatu na kumi na mmoja, nikatazama kile kitambaa, nikafuta, nikaandika mia tatu na kumi na wawili. Nikatia saini, nikaipeleka.

*

Jumatatu wataalamu walikuja mlangoni kwangu na ile kadi yao ya rangi. Wakaiweka karibu na shavu langu. Wakaitazama, wakatazamana. Walisema miaka mitatu iliyopita hawakunipima vizuri kwa sababu nilikuwa nimeinamia fomu. Waliniomba radhi kwa usumbufu. Nimepewa siku kumi na nne za Nje ya Picha.

Naandika haya nikisubiri, begi liko miguuni, lori liko nyuma ya ukuta wa kona. Hamduni ataachwa, wanamhitaji. Ataishi peke yake mtaani na milango yote ile, na Jumamosi atakaa juu kule atazame weusi, wala hatakuwapo wa kumwambia. Nimejaribu kuandika ombi la kumteua mtu mwingine akalie kiti changu. Fomu ya ombi hilo hakuna.

Sasa hivi amekuja, amesimama karibu nami na lile koti lake la Wizara. Ameniletea kahawa kwenye kikombe chake. Alisubiri niinywe yote, akapokea kikombe, akakishika kwa mikono miwili.

"Ukimwona," akasema, "mwambie chungu nilikiepua."

Nikasema nitamwambia. Nitaanza kwa kuulizia mwenye ndoo ya manjano, na nikimpata nitamwambia hivyo hivyo: chungu kiliepuliwa kwa wakati, maharage yalikuwa mazuri. Hamduni hakuniambia kwamba yaliungua yote. Hilo nalijua mwenyewe, ukuta wetu ni mmoja, na harufu niliisikia.